Mkunjo unaogoma kutoka kwenye makali

Swali: Nina jiwe la kunolea lenye pande mbili, namba 1000 wenye chembe kubwa na namba 6000 ulio laini zaidi. Nikinoa upande mmoja wa kisu, nasikia kwa kidole kwamba chuma kimejikunja upande wa pili. Nikigeuza kisu, mkunjo unahamia upande wa kwanza. Nikigeuza tena, unarudi. Juzi nilikwenda hivyo karibu saa nzima. Nikimalizia kwenye ukanda wa ngozi, kisu kinanyoa mpaka vinyweleo vya mkono, lakini nikikata mboga kidogo tu kinakuwa butu kama mwanzo. Visu vyangu ni vya kawaida vya jikoni, visivyoshika kutu. Nakosea wapi?

Jibu: Ndugu yangu, hayo uliyoyaeleza nimeyapitia. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nakaa na kisu kimoja mpaka maji ya beseni yanageuka tope jeusi, na mkunjo uko palepale unanicheka. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu jibu fupi ambalo kila mtu hulitoa, yaani "endelea kugeuza mpaka utoke", ndilo lililokupotezea hiyo saa nzima.

Kwanza, hujaharibu kitu. Mkunjo unaousikia kuanzia karibu na mpini hadi nchani ni ushahidi kwamba miteremko miwili ya makali imekutana. Watu wengi huishia njiani, wakalisugua bapa bila jiwe kufika kwenye makali yenyewe, kisha wakasema jiwe bovu. Wewe umefika. Tatizo lako ni kwamba huo mkunjo unauhamisha tu, huuondoi. Tena nashuku unautengeneza mkubwa kuliko unavyohitajika, kisha unatumia saa nzima kupigana na kitu ulichokiumba mwenyewe.

Hebu tuangalie unatoka wapi. Chembe za jiwe hukwaruza chuma na kukichukua kidogokidogo. Maadamu chuma ni kinene, kinavumilia na kukatika vizuri. Lakini kadiri makali yanavyozidi kuwa membamba, chuma cha mwisho kabisa hakina kitu cha kukiegemeza nyuma. Jiwe likikisukuma, badala ya kukatika kinalala, kinakimbilia upande usio na jiwe. Huo ndio mkunjo: utepe mwembamba wa chuma ulioning'inia kwenye makali. Ukigeuza kisu, jiwe linaukuta na kuulaza upande wa pili.

Kwa chuma kigumu, huko kulazwa huku na huku kunatosha. Ni sawa na kipande cha waya unachokikunja na kukikunjua: mara ya tano au ya sita kinachoka na kukatika. Ndiyo maana wenye visu vya Kijapani vyenye ugumu wa 60 na zaidi kwa kipimo cha Rockwell C hushangaa kusikia mtu analalamika kuhusu mkunjo. Wao unawatoka wenyewe. Visu vingi vya kawaida vya jikoni visivyoshika kutu vina ugumu wa kama 54 hadi 57. Aina moja ya chuma inayotumika sana kwenye visu hivyo, X50CrMoV15, ina kaboni karibu asilimia 0.5 na kromu karibu asilimia 15. Ni chuma kizuri, kimekusudiwa kupinda badala ya kumeguka ukigonga mfupa. Lakini uvumilivu huohuo ndio unaokutesa kwenye jiwe, maana mkunjo wake unakubali kulazwa mara nyingi bila kukatika. Na huku wewe unasubiri ukatike, jiwe linaendelea kula chuma kwenye shina lake na kuuongezea urefu. Unafukuza kivuli chako mwenyewe.

Kwa hiyo dawa ya kwanza inaanza kabla mkunjo haujawa sugu.

Angalia mkono wako unavyolemea kisu. Ukitaka kujua, weka jiwe juu ya mizani ya jikoni, lirudishe kwenye sifuri, kisha noa kama kawaida huku ukitazama namba. Wengi hushtuka. Mwanzoni, wakati unaondoa ubutu, kulemea kwa gramu 500 au hata kilo moja si dhambi. Mara tu mkunjo unapojitokeza, shuka. Mpaka unafika hatua ya kuuondoa, mizani isome gramu 100 au chini ya hapo, yaani kisu kinakaribia kulala kwa uzito wake na mkono wako unakiongoza tu. Hili ndilo jambo ambalo mtu huambiwa, akaitikia, kisha akarudi kukandamiza bila kujua, kwa sababu kukandamiza kunatoa sauti nzuri na tope jingi, na hapo ndipo mtu huona kama anafanya kazi. Ukikandamiza, kila mara unapogeuza kisu unazaa mkunjo mpya badala ya kupunguza wa zamani.

La pili ni kujua kusimama. Mkunjo hautokei pote kwa wakati mmoja. Mara nyingi sehemu iliyonyooka huupata mapema, ilhali karibu na mpini na kule makali yanapojipinda kuelekea nchani pamechelewa. Mtu akiendelea kunoa kisu chote kwa kusubiri ncha, katikati panakuwa na mkunjo kama ukucha. Noa pale palipobaki tu. Paka wino wa maka peni kwenye mteremko wa makali, pitisha kisu mara mbili tatu, utaona wino umebaki wapi. Ukishausikia mkunjo mwembamba sehemu fulani, hapo usirudi tena kwa upande huo.

Sasa tuje kwenye kuuondoa.

Kosa lako kubwa, kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani ni kuhamia namba 6000 ukiwa bado na mkunjo wa namba 1000, ukitumaini jiwe laini litaumaliza. Halina meno ya kutosha. Linaung'arisha, linaunyoosha, linaufanya mwembamba zaidi hata kidole kisiusikie, na hapo ndipo unapodanganyika kuwa umetoka. Mkunjo wa namba 1000 uondoe kwenye namba 1000. Usivuke mpaka umehakikisha.

Osha kwanza jiwe na kisu. Lile tope linasaidia kunoa, lakini wakati wa kumalizia chembe zake hujigonga kwenye makali na kuyaviringisha. Kisha anza kupitisha mara moja moja kwa kupokezana: kulia, kushoto, kulia, kushoto. Usipitishe mara kumi upande mmoja ndipo ugeuze. Na uende makali mbele, kama unayetaka kuchonga ngozi nyembamba juu ya jiwe. Kuna sababu. Ukivuta kisu kikienda mgongo mbele, jiwe linakivuta chuma kuelekea nje ya makali na kukirefusha, na mkunjo unanenepa. Ukienda makali mbele, jiwe linakutana na mkunjo uso kwa uso na kuurudisha au kuung'oa. Watu wengi hunoa kwa kwenda na kurudi, na kwa hatua ya mwanzo hakuna ubaya. Hatua hii haitaki kurudi. Inua kisu, kirudishe ulikoanzia.

Pitisha hivyo mara nane au kumi kila upande, ukizidi kuwa mwepesi. Kwa chuma kigumu hapo mara nyingi hadithi imeisha. Kwa visu vyako, kuna hatua moja zaidi ambayo mimi naiona ndiyo ufunguo: inua pembe.

Tuseme ulikuwa unanoa kwa nyuzi 15 kila upande. Kwa kisu chenye upana wa milimita 45 kutoka mgongoni hadi kwenye makali, mgongo unakuwa juu ya jiwe kwa karibu milimita 12. Inua ufike karibu milimita 15 au 16, yaani kama nyuzi 20. Ni milimita tatu nne tu, lakini zinabadilisha mambo. Kwenye pembe ya zamani jiwe lilikuwa linaupapasa mkunjo ubavuni na kuulaza. Kwenye pembe ya juu zaidi linaupiga shinani, pale ulipoungana na chuma kizima. Pitisha makali mbele, mara moja kila upande, kwa uzito wa kisu chenyewe, mara tatu hadi tano. Si zaidi. Ukizidisha, unaanza kutengeneza mteremko mpya wenye mkunjo wake, na tumerudi kulekule.

Wengine wataogopa kwamba kuinua pembe kunapunguza ukali. Kwa nadharia ni kweli: makali yanakuwa manene kidogo pale mwisho kabisa. Kwa vitendo, kisu cha chuma laini chenye nyuzi 20 safi kitakata vizuri siku nyingi kuliko chenye nyuzi 15 na utepe unaoning'inia. Mimi visu vya namna hiyo huviacha hivyohivyo na sijutii.

Utajuaje umetoka? Kidole gumba ndicho cha kwanza, na naomba hapa uniskilize vizuri: kitoke mgongoni kuelekea kwenye makali na kupita nje, kikikatiza makali. Kamwe kisitembee kufuata urefu wa makali. Jaribu pande zote mbili. Lakini kidole kina mpaka wake, mkunjo mwembamba kinaupita bila kuujua. Kwa huo tumia pamba. Ipitishe kwa namna ileile, mgongoni kuelekea nje. Nyuzi zikinasa mahali, hapo pana kitu, na upande zilikonasia ndio ulioegemea. Kisha chukua tochi, zima taa ya chumba, shika kisu makali yakiwa juu na ukigeuzegeuze polepole. Makali safi hayarudishi mwanga, ni membamba mno. Mkunjo unajionyesha kama uzi mweupe unaometa upande mmoja na kupotea ukigeuza kisu. Mimi siku hizi naiamini tochi kuliko kidole changu, ambacho kimeota sugu kwa miaka mingi.

Sehemu zinazosahaulika ni zilezile: sentimita ya mwisho karibu na mpini, na ncha. Nchani makali yanapojipinda, usipoinua mpini kidogo pembe inabadilika na jiwe haligusi kabisa. Mtu anakagua katikati, anaridhika, kisha anashangaa ncha inararua karatasi.

Na ikiwa umefanya yote hayo, mkunjo bado upo? Basi acha kuubembeleza. Ukate.

Najua hii itakushtua. Simamisha kisu wima, makali yakitazama jiwe, kama unayetaka kulikata jiwe lenyewe. Sasa kipitishe kwa wepesi kabisa, kwa uzito wake tu, mara moja, labda mara mbili, ukivuta kutoka karibu na mpini hadi nchani. Ndiyo, unayatia makali ubutu kwa makusudi. Unachopoteza ni kiasi kidogo sana cha chuma, na pamoja nacho unaung'oa mkunjo wote pamoja na chuma kilichochoka kwa kukunjwakunjwa. Hilo la pili ndilo lenye faida kubwa zaidi. Chuma kilichopindishwa mara mia hakina nguvu tena. Hata ukikinyoosha, kitakuangusha kwenye ubao wa kukatia.

Ukikitazama sasa kwa tochi, utaona mstari mweupe mwembamba juu ya makali yote, pande zote sawa. Huo ni ubutu ulioutia. Rudi kwenye pembe yako ya kawaida, namba 1000, mkono mwepesi, kulia na kushoto kwa kupokezana, ukikagua kwa tochi kila baada ya kupitisha mara chache. Mstari utazidi kuwa mwembamba, utakatikakatika, utapotea. Ukipotea, simama hapohapo. Usiongeze hata mara moja "ya baraka". Kwa kuwa hukuwahi kuzidisha upande wowote, mkunjo uliopo ni mdogo mno, na ile mara tatu ya pembe ya juu itaumaliza. Nilipojaribu njia hii mara ya kwanza nilikuwa nimekata tamaa na kisu cha jirani, nikasema liwalo na liwe. Nilimaliza kwa dakika kumi kazi iliyonishinda jioni nzima.

Sasa ukanda wa ngozi, maana hapo ndipo kiini macho chako kilipo. Kisu kinanyoa, kisha kinakufa baada ya mboga kidogo. Hiyo ni dalili ya wazi kwamba ukanda haukuondoa mkunjo bali uliusimamisha. Utepe umekaa wima, umenyooka sawasawa na makali, na kwa kuwa ni mwembamba kupita kiasi unanyoa vizuri sana. Ukigusa ubao mara chache, unalala au unavunjika, na chini yake pamebaki makali yaliyopasuka. Ngozi tupu ina uwezo mdogo sana wa kula chuma. John Verhoeven wa Chuo Kikuu cha Iowa State, Marekani, aliwahi kuyachunguza makali ya visu kwa hadubini ya elektroni na kuchapisha matokeo yake mwaka 2004. Ngozi iliyopakwa oksidi ya kromu, ile dawa ya kijani ya kung'arishia, ndiyo iliyofanya kazi ya maana. Kwa hiyo paka dawa, na utumie ukanda kwa mabaki tu. Mara tano hadi kumi kila upande, mgongo mbele, bila kukandamiza. Ukikandamiza, ngozi inabonyea na kuyazunguka makali, unayaviringisha. Kama ngozi yako ni ya kuning'inia, ibandike kwenye ubao ulionyooka, itakutii zaidi.

Kuna wanaopitisha makali kwenye kipande cha mti laini au kizibo, kama wanaokata, ili mkunjo ung'oke. Unang'oka, sibishi. Lakini mkunjo mkubwa uking'olewa hivyo haukatiki safi, unaacha shimo pale ulipochanika. Ukiutumia mti, utumie baada ya kuupunguza mkunjo kwenye jiwe, kisha rudi kwenye jiwe mara mbili tatu. Ile fimbo ya chuma ya kunolea isogeze pembeni kabisa kwa sasa. Kazi yake ni kunyoosha makali yaliyopinda kwa matumizi, na mkunjo nao itaunyoosha vilevile, ukarudi kwenye kiini macho.

Mambo mawili madogo. Kisu kipya mara nyingi hukaidi kunolewa mara za kwanza, kwa sababu kikinolewa kwa mashine bila maji ya kutosha, makali yake huweza kupata joto kali na chuma cha pale mwisho kikaharibika. Noa mara mbili tatu chuma hicho kiishe. Na jiwe lililochimbika katikati hutaliweza kwa ustadi wowote, maana pembe inabadilika kila sentimita. Lisawazishe kwanza. Ah, na osha kisu kwa sabuni ukimaliza, chembe za mkunjo hazitakiwi kwenye chakula.

Kwa hivyo visu vyako, ningekushauri uliache jiwe la 6000 kabatini kwa mwezi mmoja. Chuma cha namna hiyo hakipati faida kubwa kule juu, na ukali wenye meno madogo ya namba 1000 unashika ganda la nyanya vizuri kuliko uliong'arishwa. Chukua kisu kimoja, kile kinachokusumbua zaidi. Kata mkunjo kama nilivyoeleza, noa mpaka mstari mweupe upotee, inua pembe, pitisha mara tatu. Kisha kabla ya kufurahi fanya jaribio hili: kata karatasi nyembamba, usikilize inavyokwenda. Halafu bonyeza makali taratibu kwenye mti laini mahali kumi tofauti, bila kuvuta, na ukate karatasi tena. Ikienda kama mwanzo, mkunjo umetoka. Ikikwama, zima taa, chukua tochi, tafuta ule uzi mweupe uko upande gani.